Bunduki Nyepesi ya Mzee Gert

Mama Marie alizikwa Jumanne asubuhi, na sote tuliokuwepo tulikuwa watu tisa pamoja na mchungaji. Mchungaji alikuwa kijana ambaye hakumjua marehemu. Alisema alikuwa mke mwema na mpishi mzuri, akatazama karatasi yake kuona kama kuna zaidi, akafunga kitabu. Mimi nilisimama nyuma na ushungi wangu, na pembeni yangu akaja kusimama mzee mrefu mwenye mkongojo, amevaa koti la sufu lililokuwa kubwa kuliko mwili uliobaki ndani yake. Ilinichukua muda kutambua kuwa ni Mzee Lwazi, fundi chuma niliyefanya naye kazi zamani. Nilimwamkia shikamoo palepale makaburini, akaitikia marahaba kwa Kiswahili chake cha Morogoro ambacho hakijachakaa hata kidogo, na mwanamke mmoja mbele yetu akageuka kututazama. Tangu siku ile nimekuwa nikirudi kwenye mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka ishirini na mitano na kazi yangu ilikuwa kuchonga vitako vya bunduki za kuwindia, nyuma ya nyumba moja ya Troyeville, Johannesburg. Binti yangu, anayenisikia kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, anajua niliwahi kufanya kazi hiyo na huiona kama kichekesho. Nililolifanya mwaka ule hajui. Tuliolijua tulikuwa wanne, na sasa tumebaki wawili.

Nilipanga chumba Yeoville wakati ule, juu ya saluni ya Wakongo, na kila asubuhi nilishuka kwa miguu hadi Troyeville, kwenye nyumba ya matofali mekundu yenye geti la chuma lililokuwa likigoma kufunga. Ukiingia, chumba cha mbele kilikuwa cha wateja: viti viwili vya ngozi, meza, na kabati la chuma la kuhifadhia silaha, lililofungwa kwa funguo mbili. Ukipita ukumbi mwembamba unafika jikoni kwa Mama Marie. Nyuma ya jiko, ng'ambo ya ua, ndipo palipokuwa na karakana, vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa mbao. Upande mmoja ulikuwa wa chuma, na mwenyewe alikuwa Mzee Lwazi na mashine yake ya kukereza. Upande wa pili ulikuwa wa mbao, na ulikuwa wa Mzee Gert, mume wa Mama Marie na mwenye karakana, hadi mikono yake ilipoanza kutetemeka. Ndiyo sababu nikaajiriwa mimi. Nilikuwa nimejifunza kuchonga nakshi Tanga, kwenye vitanda na makabati, na nilipofika Johannesburg nilikuwa nikitengeneza viti vilivyovunjika. Mzee Gert alinipa kitako kilichopasuka, akanionyesha ile mistari midogo inayokatizana kwenye sehemu ya kushika, inayochongwa ili mkono usiteleze, akasema nirudishie ilipofutika. Nilikaa nacho siku mbili. Aliporudi kukitazama alivaa miwani, akavua, akavaa tena, kisha akamwita Lwazi aje aonyeshe ni wapi kazi ya zamani inapoishia na yangu inapoanza. Lwazi akakosea. Nikaanza kazi Jumatatu.

Kazi yao ilikuwa bunduki nyepesi. Bunduki ya kawaida ya kuwindia, pamoja na darubini yake, inafika kilo nne na zaidi, na kwa mtu anayewinda akiwa ndani ya gari hilo si tatizo. Lakini wapo wanaopanda milima kufuata swala wa mawe, wanaotembea tangu alfajiri mpaka adhuhuri kabla ya kufyatua mara moja, na hao walikuja kwa Mzee Gert. Lwazi alikereza mtutu ukawa mwembamba kama kidole gumba, akatoboa na kula chuma kila mahali ambapo chuma hakikuwa na kazi. Mimi nilichimba kitako kwa ndani, pale pasipoonekana, nikaacha ganda tu lenye nguvu mahali panapohitaji nguvu. Tulikuwa na mzani mdogo wa jikoni, na Mzee Gert alipenda kupima hata vumbi nililotoa. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kuhusu uzito aliweza kuongea mchana kutwa. Alisema bunduki nyepesi ina ubaya wake, inapiga bega vibaya sana, na kwamba kila mteja lazima aambiwe hivyo kabla hajaagiza. "Waambie," aliniagiza. "Asiye tayari kuumia achukue ile nzito."

Saa saba tulikula jikoni, wote wanne kwenye meza moja. Nilipofika wiki ya kwanza nilibeba chakula changu kwenye kopo, mkate na maharage, kwa sababu sikujua nyama ya pale imechinjwa na nani. Mama Marie hakuuliza kitu. Wiki iliyofuata nilikuta sufuria ya buluu, mpya, imewekwa peke yake kwenye rafu, na akaniambia kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa kwamba amekwenda Fordsburg kwenye bucha la Waislamu, kwamba sufuria hii haitaingia kitu kingine, na kwamba kijiko chake ni hiki chenye mpini mweupe. Alikuwa amepanda taksi mbili kwenda na mbili kurudi. Mwaka mzima alinipikia kwenye sufuria ile, mchuzi wa kondoo na viazi, na wao watatu wakala chao. Naandika jambo hili ili ieleweke kwa nini, aliponiomba alichoniomba, sikuweza kukataa. Nimejaribu miaka mingi kutafuta sababu nyingine iliyo nzito zaidi, na sijaipata.

Jirani yangu mezani alikuwa Lwazi, na mimi na yeye tuliongea Kiswahili. Alikuwa ameishi Morogoro miaka mingi akiwa mkimbizi wa siasa, akaoa huko, akarudi kwao nchi ilipofunguka. Mzee Gert, kwa upande wake, alikuwa amevaa sare za jeshi la serikali ileile iliyomkimbiza Lwazi. Sikuwahi kuwasikia wakilizungumzia jambo hilo moja kwa moja, ila siku moja nikiwa ng'ambo ya ukuta wa mbao nilimsikia Gert akiuliza, "Kule mpakani, mlikuwa mnakula nini?" Lwazi akajibu, "Samaki wa kopo. Na nyinyi?" Gert akasema, "Samaki wa kopo." Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasiotaka kuendelea, na mashine ikawashwa.

Mwezi wa tatu Mzee Gert alianza bunduki yake mwenyewe. Wakati huo alikuwa hawezi kutoka getini hadi mlangoni bila kusimama na kushika ukuta. Moyo ulikuwa umepanuka, daktari alisema, na mapafu yalikuwa na maji. Kila majira ya baridi, tangu ujanani, alikuwa akienda kwa rafiki yake mwenye shamba karibu na milima ya Lesotho, akapanda mlima kumfuata swala mmoja tu kwa mwaka. Mwaka uliopita alishindwa kuinyanyua bunduki yake ya zamani alipofika nusu ya njia, akakaa juu ya jiwe mpaka rafiki yake alipomfuata. Hakulisahau jiwe lile. Akatoa mbao ya jozi aliyokuwa ameihifadhi chini ya kitanda miaka ishirini, nyeusi yenye mishipa ya dhahabu, akaiweka mbele yangu. "Chini ya kilo tatu," alisema, "pamoja na darubini. Mikono yangu haiwezi tena, Zuhura. Nitakuwa nakutazama tu."

Na kweli alikaa akinitazama, kwenye kiti cha jikoni alicholetewa, na blanketi magotini. Alinipimisha mwili wake mwenyewe kana kwamba ni wa mteja: urefu wa mkono, upana wa bega, umbali kati ya jicho na shavu. Nilizungusha utepe kwenye mkono wake nikaona jinsi nyama ilivyokwisha. Alinieleza mlima ule hatua kwa hatua, wapi pana maji, wapi upepo hubadilika, wapi unakaa kimya ukisikia mawe yanateremka ujue mnyama amepita. Sikuwa nimewahi kuona mlima wa namna hiyo na sijauona hadi leo, lakini ningeweza kuuchora.

Mwishoni mwa mwezi wa tano, kitako kilikuwa kimebakiza mafuta tu. Kitako kikishachongwa hupakwa mafuta ya kitani, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lazima likauke kabla ya lingine. Adhuhuri moja Mama Marie alinizuia jikoni nilipokuwa naosha sahani. Wanaume walikuwa wamesharudi karakana. Alifunga mlango wa nyuma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Imebaki siku ngapi?" aliuliza.

"Kama kumi, Mama."

"Akiipata atakwenda."

Niliiweka pembeni sahani niliyokuwa nimeshika.

"Daktari ameniambia mimi, hakumwambia yeye. Kule juu, kwa baridi ile, moyo wake hautamaliza siku ya pili. Ile bunduki ya zamani hawezi kuinyanyua, kwa hiyo haendi. Hii ataweza." Alikuwa ameshika taulo la sahani, analikunja na kulikunjua. "Chelewesha, Zuhura. Sikuombi uiharibu. Chelewesha tu mpaka msimu upite. Nataka huu mwaka mmoja niwe naye."

Nikamwambia sawa. Sikufikiri hata kwa muda wa kukausha sahani moja. Nikiwa na umri huu ninajua kwamba kulikuwa na maneno mengine ambayo ningeweza kusema: kwamba amwambie mumewe aliyoambiwa na daktari, kwamba mzee ana haki ya kujua mwili wake. Lakini mimi nilikuwa msichana ugenini, na yule alikuwa mwanamke pekee wa rika la mama yangu aliyeniuliza kila siku kama nimeshiba.

Kuchelewesha ni kazi, tena ngumu kuliko kuchonga. Nilisema mafuta hayakauki kwa sababu ya baridi. Nilisema mbao imejivuta kidogo, na nikasugua tabaka zima kwa msasa nikaanza upya. Nilichukua kazi za wateja wengine nikazitanguliza. Kila asubuhi Mzee Gert aliingia na kikombe chake cha kahawa, akaketi, akapumua mpaka pumzi ikarudi, kisha akauliza, "Bado?" Nami nikajibu, "Bado, Mzee. Hayajakauka." Aliitikia kwa kichwa. Hakuwahi kunigombeza. Ukumbini, kando ya mlango, aliweka viatu vyake vya mlimani vimepakwa rangi, na soksi za sufu zimekunjwa ndani yake, na kila nilipopita kwenda kula niliviona.

Lwazi ndiye aliyenikamata. Ilikuwa mwezi wa sita, asubuhi yenye baridi kali, nyasi za ua zimekuwa nyeupe. Alikuja upande wangu kuazima tupa, akapitisha kiganja juu ya kitako, akakitazama kiganja.

"Binti," akasema kwa Kiswahili, "haya ni mafuta gani yasiyokauka wiki tatu?"

Nilimweleza yote, kwa sauti ya chini ingawa hakuna mwingine aliyeelewa lugha yetu. Alisikiliza akiwa ameegemea jiliwa la kubania mbao.

"Eish," alisema mwishowe. "Kwa hiyo mama anakupikia, na wewe unamlipa kwa siku za mzee."

"Atakufa kule, Mzee Lwazi."

"Labda. Hata hapa atakufa. Lakini siku ni zake." Alichukua tupa akaigeuzageuza. "Mimi siingilii nyumba ya mtu. Ila akiniuliza, sitamdanganya. Hilo ulijue."

Kwa siku kadhaa nilingoja kuitwa. Sikuitwa. Asubuhi zikaendelea vilevile, kikombe, kiti, bado, hayajakauka. Nikadhani Lwazi hakuulizwa. Mwezi wa saba nilimsikia Mzee Gert ukumbini akiongea kwa simu na rafiki yake wa shambani. Kiafrikaans changu kilikuwa kidogo, lakini nilielewa kwamba anasema si wiki hii, na si ijayo, kwamba fundi wake ni mwangalifu sana. Aliposema fundi wake alicheka kwa upendo. Nilikuwa nimebeba sahani mbili. Nilizirudisha jikoni nikasimama nikitazama ukuta, na Mama Marie, aliyekuwa amesikia pia, akageukia jiko na kuanza kukoroga sufuria iliyokuwa imeshazimwa moto.

Lazima niseme pia kwamba majira yale ya baridi yalikuwa na furaha yake, na kwamba furaha ile ndiyo inayonitesa zaidi. Mama Marie alikuwa amempata mumewe. Alasiri waliota jua uani, bega kwa bega kwenye benchi, naye akimmenyea machungwa na kumpa pande moja moja. Siku moja niliwasikia wakibishana kwa nusu saa juu ya jina la mbwa waliyekuwa naye walipooana. Mzee alikuwa akicheka mpaka akakohoa, na mkewe akampigapiga mgongo huku naye anacheka. Kama bunduki ingekuwa tayari, asingekuwepo benchini. Nilijiambia hivyo kila siku, na ilikuwa kweli.

Wiki ya mwisho ya mwezi wa nane Mzee Gert alikuja karakana alasiri, si asubuhi. Hakuketi. Alipitisha kidole gumba juu ya kitako, kuanzia nyuma mpaka kwenye nakshi, taratibu.

"Haya yamekauka tangu Juni," alisema.

Nilishika ukingo wa meza.

"Usinijibu. Sitaki nikulazimishe umseme mtu." Alipumua mara mbili, tatu. "Msimu umekwisha, Zuhura. Hakuna wa kuogopa tena. Nimalizie, niione."

Nilimaliza kwa siku tatu. Lwazi alifunga chuma chake kwenye mbao yangu, na viliingiana bila kuacha nafasi ya unywele. Tuliiweka kwenye mzani, nayo ikawa chini ya kilo tatu, pamoja na darubini na mkanda. Mzee Gert aliitundika begani. Akatoka karakana, akavuka ua, akapita kando ya nyumba mpaka getini, sisi watatu tukimfuata nyuma kwa mbali kama watu wanaomfundisha mtoto kutembea. Hakushika ukuta. Alifika getini, akageuka, akarudi mpaka mlangoni pa karakana bila kusimama hata mara moja. Uso ulikuwa umekuwa wa kijivu na midomo ya buluu, lakini alikuwa amesimama wima.

"Ningefika," alisema. Hakumwambia yeyote kati yetu. "Ningefika kabisa."

Mama Marie aliingia ndani.

Mzee Gert alipelekwa hospitali siku sita baadaye, na katikati ya mwezi wa tisa akafariki, mchana, mkewe akiwa ametoka kwenda kununua chai. Bunduki ilikaa kwenye kabati la chuma hadi karatasi za leseni zilipokamilika, kisha rafiki wa shambani akaja kuichukua. Sijui aliifanyia nini. Sikuuliza. Karakana ilifungwa kabla ya Krismasi. Lwazi akapata kazi kwenye kiwanda cha mageti, mimi nikafungua duka la fanicha Yeoville ambalo ninalo hadi leo. Mama Marie nilimtembelea kila Idi, kwanza nyumbani, baadaye kwenye makao ya wazee. Miaka yote hiyo aliligusia jambo lile mara moja tu. Tulikuwa tumekaa dirishani, akaniuliza, "Unadhani alitambua ni mimi?" Nikamwambia sijui, ambalo lilikuwa jibu la mwoga. Akasema, "Mimi nadhani hapana. Alidhani ni uzembe wako tu, nisamehe." Akanishika mkono, tukaendelea kutazama barabara.

Baada ya mazishi nilimpakia Mzee Lwazi kwenye gari langu nimrudishe Bertrams anakoishi na mwanawe. Tulikuwa tumesimama kwenye roboti, kama waitavyo huku taa za barabarani, nyekundu ikiwaka, aliposema, "Sasa naweza kukwambia. Gert aliniuliza."

"Lini?"

"Juni ileile. Siku ya pili baada ya wewe kuniambia. Nilimwambia kila kitu, na ya daktari pia." Alikuwa akitazama mbele, mikono juu ya mkongojo. "Nilidhani atawaka. Akasema tu, mwache Marie apate majira yake ya baridi. Akaniapisha nisimwambie yeyote maadamu Marie yu hai."

Gari la nyuma lilipiga honi. Taa ilikuwa imebadilika na sikuwa nimeona. Niliondoka, nikaendesha mpaka nilipopata pa kuegesha, nikazima injini. Ungedhani habari ile ingenitua mzigo. Haikunitua. Asubuhi zote zile aliingia akijua, akaketi akijua, akaniuliza akijua, na mimi nikamtazama machoni nikamdanganya, naye akaupokea uongo wangu kwa upole ili mkewe abaki na amani. Na Mama Marie amekufa akiamini alimwibia mumewe mlima, hali alikuwa amepewa. Ningalijua, ningalimwambia siku ile dirishani. Nililia, na Mzee Lwazi akaniacha nilie, akanipa leso yake iliyokunjwa vizuri.

Nilipotulia alisema, "Binti, nami nina ombi langu. Nataka kwenda Morogoro kuona kaburi la mama watoto. Wanangu hawataki. Daktari naye amesema ndege itaniua, figo zangu hizi. Kila nikiwauliza wananiambia mwezi ujao, Baba, mwezi ujao, pasi yako bado inashughulikiwa."

Nilimtazama. Alikuwa mwembamba sana ndani ya lile koti, na ngozi ya mikono yake ilikuwa imekuwa kama karatasi. Niliona wazi kwamba daktari huenda anasema kweli.

"Pasi iko wapi?" nikamuuliza.

"Iko ndani ya kabati la mwanangu. Nimeiona. Imeshatoka tangu mwezi wa pili."

Niliwasha gari, nikamuuliza anataka kuondoka siku gani.